Mandari Ambayo Mama Hakwenda

Ukoo wetu ulinibandika jina la nuhusi miaka ile ya tisini, na mpaka leo sijalikana. Kosa langu ni kutamka neno "kuzama" asubuhi ya mandari.

Ilikuwa siku ya tatu ya Idi. Binamu yangu, aliyekuwa na mashua ya injini ya kutembezea watalii, alijitolea kutupeleka Mtwapa kwa njia ya bahari, tukale na kupunga upepo. Mama alifurahi kama mtoto. Alizaliwa Mji wa Kale, dirisha lake latazama maji, na umri wote ule hakuwahi kupanda chombo ila feri ya Likoni. Tangu alfajiri alikuwa jikoni akikaanga kababu na viazi vya karai. Mimi nilishamuuliza binamu mapema kama jaketi za kuelea zipo. Akaniapia, "Tele, dadangu. Hata za kuuza."

Tulipofika kwenye ngazi za bandari nikazihesabu jaketi. Zilikuwa nne, nasi tulikuwa kumi na wawili. Nilikuwa nikifundisha hesabu shule moja ya Tononoka, lakini hiyo hata mtoto wa chekechea angeiweza. Nikawavisha watoto wanne, nikakaza mikanda kwa mkono wangu. Kisha nikawauliza watu wazima nani ajuaye kuogelea. Mikono miwili ikainuka, mmoja wa binamu mwenyewe.

"Basi tukizama?"

"Nyamaa!" Shangazi alishika kifua. "Weye wataka kututilia nuhusi? Kutaja ni kuita!"

"Bahari haina masikio, shangazi. Nipeni saa moja nikaazime jaketi nyingine."

"Maji yanakupwa," binamu akasema. "Tukingoja hatupiti."

"Basi nendeni. Mama hapandi."

Mama alikuwa ameshatia mguu mmoja chomboni. Akaniambia polepole, "Mwanangu, ni leo tu." Nikamshika mkono nikamtoa, mbele ya watu wote, tukabaki ngazini sisi wawili. Najua ilivyoonekana, mtoto kumwamrisha mzazi wake. Na ionekane.

Jioni walirudi wote wazima, wamebabuka jua, wanacheka. "Umeona?" shangazi akaniuliza. Nimeona, ndiyo. Nimeona watu kumi wenye bahati. Anayevuka barabara ya Makadara amefumba macho akafika ng'ambo, sisi hatumwiti hodari.

Mama hakunisemesha siku tatu. Mandari nyingine za baharini zilikwenda bila yeye, maana waliogopa kumwalika nisije nikaandamana naye na mdomo wangu. Hakuiona Mtwapa kutoka majini, na hilo laniuma, sitasema uongo. Ningeweza kumwacha apande, arudi akicheka na wenziwe. Siku ile sikujua kuwa watarudi salama, wala binamu hakujua.

Ningemtoa tena. Alifia kitandani mwake, mtu mzima sana, na mimi ndiye niliyemwosha.