Mshenga Aliyevaa Jaketi

Mimi ndiye niliyesema anajua kuogelea. Hakuna mtu aliyenilazimisha.

Rafiki yangu ni mtu wa kabichi na karoti hapa Lushoto, na maneno yake ya wiki nzima ukiyakusanya hayajazi kikombe. Mimi ninayo ya kugawa. Alipotaka kuoa, wazee wa kwao wakanifanya mshenga, pamoja na udogo wangu na hasira zangu. Walijua kitu kimoja: huyu jamaa akiguswa, mimi nauma. Mombo niliwahi kukunjana na dalali aliyempunja, mwenyewe kasimama pembeni ananiomba tuondoke.

Binti ni wa Mgwashi, huku huku milimani kwetu. Baba yake alifariki, akalelewa na mjomba wake, mwalimu kisiwani Mafia. Bibi yake akatuambia wazi: bila kauli ya mjomba hakuna posa, nendeni akamwone kijana kwa macho. Tukashuka mlima, tukavuka bahari.

Ukweni mshenga ndiye mdomo. Mwoaji anaamkia, anakaa, anatazama chini. Sasa mjomba akauliza, "Huyu binti nataka awe anakuja kukaa huku kwangu na mumewe. Watu wa kwetu milimani maji tunayaogopa. Kijana anajua kuogelea?"

Ilikuwa nusu utani. Ningeweza kusema, mjomba, maji ya kwetu yana baridi, tunanawa tunakimbia. Badala yake nikasema, "Mjomba, usimwone kimya. Pale Soni huyu anazama chini ya maporomoko, anaibukia upande wa pili na jiwe mkononi."

Rafiki yangu akatazama mkeka. Soni tumepita sana, tukinunua matunda. Maji yake hajawahi kuyaingia hata kwa kidole cha mguu.

Mjomba akafurahi. "Basi kesho, kabla ya mazungumzo, nawapeleka kwa potwe. Mgeni wetu haondoki hajamwona."

Potwe ni papa mkubwa kuliko papa wote, ila hali watu, anachuja vidudu vya majini. Watu wanatoka Ulaya kuja kuogelea naye. Asubuhi na sisi tukawa watalii: boti ya injini, Wazungu wawili, nahodha, mjomba, na sisi tumevaa bukta mbele ya mkwe, jambo ambalo kwetu peke yake ni aibu ya kutosha.

Nahodha akainua majaketi ya kuelea. "Nani hajui kuogelea? Aseme sasa, potwe hacheki mtu."

Wa kwanza kunyoosha mkono ni mimi. Ndiyo, mimi. Nilimsifia yeye, sikujisifia mwenyewe. Nikavaa, nikafunga kamba zote. Jaketi la pili nahodha akamnyooshea rafiki yangu. Mjomba anatazama. Nikalirudisha kwa mkono wangu.

"Huyu hahitaji."

Tulipomkuta samaki, nahodha akasema rukeni, anapita. Wazungu wakaruka. Rafiki yangu akanigeukia, akaniuliza kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, afanye nini. Nikamwambia shika pumzi, nipo nyuma yako.

Akaruka. Nikaruka.

Hapa ndipo ninaposhindwa kujitetea. Uongo watu wanausema kwenye posa tangu zamani, kila mwoaji ana ng'ombe wengi mdomoni mwa mshenga wake. Lakini nilipotia uso majini na miwani ya kuogelea aliyotugawia nahodha, nikamwona potwe. Mgongo mweusi wenye madoa meupe, mpana kama turubai la Fuso juu ya shehena ya kabichi, mdomo wazi, haraka hana. Akapita chini ya miguu yangu, akapita, na bado akawa anapita. Nikasahau kwamba nina rafiki. Nilipoinua kichwa ilikuwa nimwambie, mgosi, umeona? Pale aliporukia palikuwa na maji matupu.

Mjomba alisharuka na shati lake. Alimwibua kwa kumkamata kwapani, nahodha akamvuta juu kama gunia lililolowa.

Akatapika maji, akatetemeka. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikamwakia nahodha. "Wewe ni nahodha gani? Unamwachaje mtu aruke bila jaketi? Ungetuulia mtu."

"Kaka," akasema, "jaketi nilimpa. Ulilirudisha wewe."

Wale Wazungu hawakujua Kiswahili, lakini walinitazama kama wamekielewa chote.

Mjomba, maji yanamchuruzika, akamwinamia rafiki yangu. "Mwanangu, kwa nini uliruka?"

Nikafungua mdomo.

"Wewe nyamaza. Namwuliza yeye."

Rafiki yangu akakohoa kwanza. "Mshenga wangu alishasema naweza. Ningekataa mbele yako, ningemfanya mwongo."

Nahodha akageuza boti kurudi ufukweni.

Jioni mjomba akatoa jibu. Posa ameipokea. "Binti nampa huyu. Ila mahari asiyalete huyu," akanionyesha kwa kidevu, hata hasira hana. "Tafuteni mtu mwingine wa kusema."

Safari nzima ya kurudi rafiki yangu alikaa kimya, na kwa kuwa ndivyo alivyo siku zote, sikujua kama amenikasirikia. Nilitamani anitukane. Mombo akaninunulia mahindi ya kuchoma bila kuniuliza.

Siku ya mahari, baba yake mdogo ndiye aliyepanda Mgwashi na wazee. Mwoaji haendi, basi tulikuwa wawili sokoni tunashusha karoti. Kina mama wa pale wakaanza.

"Wewe mshenga, wenzako wako ukweni, wewe uko na magunia. Wamekufukuza nini?"

"Labda alikula mahari njiani," mwingine akasema, wakacheka.

Damu ikanipanda, nikawa natafuta la kuwajibu. Rafiki yangu akatua gunia lake, akawatazama usoni, yeye ambaye hata bei hajui kudanganya.

"Nimemzuia mimi," akasema. "Leo nina mzigo mkubwa, sikutaka kushusha na mtu mwingine."

"Kumbe," mama mmoja akasema. "Samahani, mwanangu."

Mzigo ulikuwa magunia manne tu. Nikainama, nikajitwika moja begani, upande wa kwao, ili wasinione uso.