Rubani Aliyekataa Kushuka

Vijana wa boti walimwita Babu Ngazi. Alikuwa rubani wa bandari, na kazi yake ilikuwa kupanda ngazi ya kamba, kuingia meli ngeni ikiwa bado nje, kisha kuiongoza mpaka gatini. Yeye ndiye mtu wa kwanza wa nchi kavu kuvuta hewa ya meli hiyo. Kwa hiyo kabla hajapanda, nahodha sharti aarifu kwa redio kama ana mgonjwa. Na mkiona bendera ya manjano inapepea, msidhani ni ya ugonjwa, la! Ni kiapo: sisi wazima, turuhusuni tuingie.

Asubuhi hiyo bendera ilipepea kweli. Lakini Babu Ngazi alipofika juu, alimkuta afisa mkuu wa meli kashika usukani mwenyewe, kazi ya baharia wa kawaida.

"Mshika usukani yuko wapi?"

"Amepumzika," nahodha akajibu.

"Na wa zamu nyingine?"

"Naye amepumzika."

"Wote?"

Nahodha akageukia dirisha. "Homa kidogo tu, mzee wangu. Ningesema, tungezuiwa huku nje, na tajiri wa meli angenifukuza kama mbwa."

Hebu sikieni maneno hayo! Homa kidogo! Mtu mzima na ndevu zake anafunika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe ni mimi na wewe tunaokaa hapa bandarini. Nyumbani kwa Babu Ngazi kulikuwa na mjukuu aliyezaliwa kabla ya wakati, kifua chake bado dhaifu, na hapati usingizi ila kifuani kwa babu yake. Damu ikamchemka mzee.

"Huna haya! Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini wewe unataka kilio kiwe kwangu!"

Akaamuru nanga itiwe, akanyakua redio, akaomba daktari. Meli isisogee hata hatua.

Boti ikaja kumchukua. Dereva wake, swahiba wa miaka mingi, akapaza sauti kutoka chini: "Shuka, babu! Umekaa kidogo tu, nani atakuuliza?"

Mguu mmoja ulikuwa umeshafika ngazini. Mzee akauona mguu wake mwenyewe, akaona aibu, na aibu ikazidisha hasira.

"Rudi zako! Na hiyo kamba usiiguse!"

Akampigia mkewe simu. "Mama, leo usinisubiri."

"Unaumwa?"

"Sijui. Ndiyo maana sirudi."

Mkewe akasogeza simu kwa mtoto. Mtoto alisikika akilia. "Analia hivi tangu utoke. Nimfanyeje?"

"Chukua shati langu la jana, ujifunge kifuani, umlaze hapo."

Akakata simu, akafuta macho kwa kiganja, akamgeukia nahodha.

"Nionyeshe pa kulala. Na usinisalimie."