Mjane Aliyechagua Msitu

Ofisi ya ardhi ilimpa Yevdokha Pylypiuk nyika nzima ya Saskachewani achague, naye akachagua mahali pekee penye mbu, matope na miti ya mipopla. Msimcheke bado. Kwao Galisia msitu ulikuwa wa bwana mkubwa, na kuni zilipatikana kwa kuviziana na mlinzi wake. Alipoambiwa ekari mia na sitini zenye miti zingekuwa zake peke yake, mjane huyu alizipita tambarare nyeusi, nono, bila hata kugeuza shingo.

Jirani yake, Tollef Kvamme, Mnorwe mwenye ndevu za askofu na mdomo usio wa askofu, alikuja kujionea.

"Jirani, umekuja kulima au kufuga kunguru?"

"Nimekuja kuota moto. Wewe baridi ikija utachoma nini? Ndevu?"

Sharti la serikali lilikuwa moja: miaka mitatu, ekari thelathini zilizolimwa, la sivyo ardhi inarudi. Kvamme alipasua nyika kwa plau kama anayekata siagi. Yevdokha na binti yake Malanka waling'oa visiki kwa shoka, kamba na matusi. Miaka miwili ikapita, ekari nane.

Kisha yakaja yale majira ya baridi kali. Kvamme na Wanorwe wenzake wa tambarare walichoma nyasi zilizosokotwa, wakachoma mavi makavu ya ng'ombe, wakachoma benchi la kanisa, na Mungu hakusema kitu. Kvamme akafika mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Malanka, watoto wanaganda."

"Ingia kwanza ule." Akamsogezea supu ya bitiruti. "Miti chukueni, wewe na wenzako wote. Lakini anayekata mti, kisiki ni chake. Udongo ukilainika aje akichukue."

"Kisiki nikifanyie nini?"

"Kiweke sebuleni. Mimi kinanihusu nini?"

Wakakata mpaka theluji ikayeyuka. Mwezi wa tano ukaingia, kila mtu akazama shambani kwake. Yevdokha akabaki na ekari nane za shamba na uwanja mkubwa wa visiki, ambao hauna mbao wala ngano. Mkaguzi angekuja mwezi wa kumi.

"Wameshaota moto, mama. Wametusahau," Malanka alisema.

"Piga shoka, usipige domo."

Huku kwetu mgeni unamwona saa nzima kabla hajafika. Asubuhi ya Jumanne Yevdokha aliona nukta ukingoni mwa dunia, kisha nukta mbili, kisha akaacha kuhesabu. Jozi kumi na tisa za maksai zilikuwa zinakuja, na minyororo, na plau, na wanawake wenye masufuria, na mchungaji wa kanisa lao mwenyewe akiwa amebeba sururu. Walikuja kimya, upana wa nyika nzima, kana kwamba nchi imeinuka na kuanza kutembea.

"Nimefuata kisiki changu," Kvamme alisema. Safari hii hakukuwa na utani.

Siku nne ardhi ilitetemeka. Mizizi ilikatika kwa mlio wa bunduki, na nyuma ya plau uliinuka udongo mweusi, wenye maji, ambao haukuwahi kuonwa na jua tangu jua liwepo. Wanaume walioutazama walivua kofia bila kuambiwa. Jioni watu walisali kwa lugha mbili, kila upande ukisubiri kwa adabu upande wa pili umalize, na hakuna aliyekubali kumaliza wa kwanza. Kibao cha serikali kinataja tarehe nyingine ya kuzaliwa kwa kijiji chetu. Kibao kinadanganya.

Mkaguzi alifika mwezi wa kumi, akapima kwa hatua zake ndefu, akaandika.

"Thelathini na mbili, mama. Ardhi ni yako."

Yevdokha alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalitazama shamba hadi lilipokutana na mbingu.

"Pima tena, bwana," alisema. "Hapo nilikuwa nimesimama, sikusikia vizuri."

Mkaguzi akamtazama, akafunga daftari, akarudi mwanzo wa shamba, akaanza upya.