Upande wa Wanawake

Dada yangu alikuwa msusi katika saluni moja mtaa wa Naif, Dubai. Miguu ilipoanza kumkataa, akawa anasuka ameketi. Vidole navyo vilipokakamaa, arbab wake, mwenye saluni, akamwambia khalas, basi, mkataba ukiisha arudi Kenya. Hospitali ilimpa dawa za maumivu tu. Ndipo mteja wake, bibi wa Kizanzibari aliyeishi Al Baraha tangu zamani, akamwambia, "Mwanangu, nenda Ras al-Khaimah ukaoge maji ya moto yatokayo mlimani. Mama yangu yalimsimamisha."

Ijumaa moja niliomba ruhusa kazini, tukapanda basi, kisha teksi. Tulikuta nyumba ya kuogea ya kale: kuta nene za mawe, kuba juu yake, na matundu madogo ya kutolea mvuke. Dada aliupapasa ukuta kwa kiganja.

"Waliojenga hapa waliamini," akasema. Nilikuwa sijamwona akitabasamu kwa muda mrefu.

Lakini wanaume walikuwa na mlango wao, wanawake wao. Nilimfikisha kwenye mlango wa wanawake, nikamwacha hapo.

Upande wa wanaume maji yalinuka kiberiti. Mgongo wangu wa mlinzi, uliozoea kusimama kutwa, ukalegea. Nikamwomba Mungu nafuu hiyo ampe yeye.

Nilipotoka nilimkuta kwenye benchi, gauni kavu, miguu tu imelowa.

"Mbona hukuoga?"

"Ngazi zinateleza. Nilishuka moja, nikashindwa. Kila mtu alikuwa na mama yake au dada yake. Ningemwambia nani anishike?"

"Ungeniita."

"Nikuite uingie kwa wanawake?" Akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia.

Nilimwendea mama aliyesimamia mlango. "Madam, dakika chache tu, nimshushe majini." Akatikisa kichwa kwa upole, akasema ndani kulikuwa na watu. Sikubishana. Kule Jumeirah Lake Towers, kwenye maghorofa niliyoyalinda, mimi ndiye niliyekuwa nikiwapa watu jibu hilo kila siku.

Nikajaza chupa maji yale, na tulipokuwa tukingoja teksi nikapiga magoti kando ya barabara nikamkanda miguu.

"Yameshapoa," akasema. "Acha tu."

Aliondoka Dubai kabla ya Ramadhani, akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Nilipopata likizo na kufika nyumbani, mama alikuwa akimlisha uji kwa kijiko. Dada aliniangalia, akafungua kinywa kupokea kijiko kingine.