Amplifaya ya Marehemu wa Butimba

Mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia. Amplifaya ya zamani naikagua mpaka mwenye mali anune. Nainusa kama kuna kilichoungua, nageuza kila kitufe, nafungua kifuniko nione kama mafundi njaa wameshapita humo kuungaunga. Mchana ule nilikwenda Butimba kuangalia moja iliyotangazwa kuuzwa, na bisibisi zangu, sina haraka na mtu.

Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, mjane. Nilipomwamkia aliitikia bila kuniangalia, akanionyesha kona ya sebule: amplifaya ya Kijapani, uso wa fedha, haina hata mkwaruzo. Nikameza mate. Ilikuwa ya marehemu mume wake, akasema, kisha akaongeza neno ambalo muuzaji hasemi.

"Inakohoa."

Vumbi hilo, nikajua, limejaa kwenye kitufe cha sauti. Nikaiwasha. Sikuchomeka redio wala chochote, na sauti nikaishusha hadi mwisho. Ikanguruma kidogo, halafu kwenye spika ya kushoto mtu akakohoa. Sisemi mkwaruzo, nasema mtu. Kikohozi cha mzee, kikavu, cha kusafisha koo kabla ya kuingia ndani. Nikachomoa waya ukutani. Mashine hizi hubaki na umeme kidogo tumboni, hilo nalijua, ila haudumu. Nikasubiri mpaka taa yake ikazimika kabisa. Akakohoa tena. Niliogopa, sina sababu ya kuficha.

"Siiuzi," mama akasema. "Nilitangaza ili aje mtu anayejua vitu hivi, asikie. Wanangu wanasema akili imeniruka. Wanataka kuifunga nyumba hii, wanipeleke Sengerema kwa binti yangu."

Siku nyingine ningefoka, maana nilikuwa nimefunga safari kutoka Kisesa kwa nauli yangu. Lakini nilinywea, nikakaa pale alipoonyesha.

Mwanawe wa kwanza, ambaye mama alikuwa amemwita pia, akaingia na funguo za gari mkononi. Alikuja amejiandaa kubishana.

"Mama, nimeshakwambia ni umeme tu. Na wewe fundi, usimjaze maneno."

Nilitaka kumjibu vibaya. Badala yake nikamwonyesha waya ulivyolala sakafuni, mbali na ukuta. Akauangalia, akaanza kusema kitu, na spika ikakohoa.

"Shikamoo, baba," akasema.

Yalimtoka kabla hajafikiri. Ndivyo tulivyolelewa wote: ukisikia mzee anakohoa mlangoni, unaamkia kwanza, mengine baadaye. Akajishika mdomo. Mimi nikajifanya nakusanya bisibisi. Mama hakumcheka wala hakumsuta.

"Sengerema siendi," akasema.

Mwanawe hakubisha. Alikuwa ameikazia macho spika, anasubiri marahaba.