Nilivyotengeneza orodha ya yaliyomo ya website Sumbawanga, mkulima asiyeona akapitishwa kwa Mwenyekiti mara kumi na moja kabla ya kufika kwenye maharage

Wakuu, habari za muda huu. Humu nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu, leo na mimi niweke langu. Sitaongeza chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitasema ni mimi.

Miaka ile internet cafe ndiyo kwanza zinazoeleka, nilikuwa na kiofisi Majengo. Kompyuta nne, printer moja, na kibao nilichoandika kwa mkono: "Tunatengeneza website." Hadi hapo nilikuwa nimetengeneza moja. Ya kwangu.

Chama kimoja cha wakulima, jina kapuni, kikanipa kazi.

Soko huria lilikuwa limeingia, kila kona duka la pembejeo, kila muuzaji na dawa yake, mkulima hajui amwamini nani. Chama kilikuwa na mwongozo mzuri sana wa mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Walitaka uwekwe kwenye website, na mwanzoni iwepo orodha ya yaliyomo. Unabofya kichwa cha habari, kinakupeleka moja kwa moja panapohusika.

Nikaimaliza, nikaona nimeua.

Kisha kamati ikakaa kuijadili.

Wakuu, kikao kilichukua siku nzima na neno maharage halikutajwa. Mjadala ulikuwa nani atangulie. Mwenyekiti, mzee mwenye sauti ya upole lakini habishiwi, alitaka orodha ianze na Ujumbe wa Mwenyekiti. Sawa. Halafu Historia ya Mwenyekiti. Halafu Ziara za Mwenyekiti, ambazo ilibidi zitenganishwe, Matai peke yake na Kasanga peke yake, kwa kuwa Kasanga alipokelewa kwa ngoma. Katibu naye akaomba nafasi, akaambiwa asubiri awamu ya pili.

Niliandika kila nilichoambiwa. Kazi nilikuwa naihitaji, sikutia neno. Vichwa vya Mwenyekiti vikafika kumi na moja, mahindi yakashuka hadi namba kumi na mbili. Maharage, kumi na tatu.

Wiki iliyofuata akaja Mwalimu Sikazwe.

Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa Msanzi. Macho yalimpotea ukubwani kwa ugonjwa, lakini shamba hakuacha, analima na mkewe. Alishapelekwa kozi ya kompyuta ya wasioona, na alikuja na CD yake yenye programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Maharage yake yalikuwa yananyauka shambani, msimu wa pili mfululizo, na dawa aliyouziwa dukani haikufua dafu. Ofisi ya chama ilimjibu kwamba majibu yote yapo kwenye website.

Nikampa shikamoo, nikaweka CD, nikakaa kusubiri sifa.

Programu ikasema: image. Akabonyeza tena. Image. Tena. Image.

Niwaeleze kosa langu. Vichwa vyote nilikuwa nimevichora kama picha, vya rangi rangi, vinafunguka ukipitisha mouse juu yake. Mwalimu hatumii mouse. Anasogea kwa Tab, anaingia kwa Enter, basi.

"Mwanangu," akaniuliza taratibu, "hii orodha umemwandikia nani?"

Nikaona aibu. Nikamwambia nimsomee mimi. Akakataa. Akasema anataka kufika mwenyewe, maana msimu ujao hatakuwa na mimi pembeni, na huko Msanzi ana wenzake wengine wasioona.

Akarudi shambani, mimi nikaanza upya. Picha nikazitoa, nikaweka maandishi ya kweli. Kila kichwa kikawa kinafikika kwa Tab na kufunguka kwa Enter. Mpangilio sikuugusa. Ulishapitishwa na kamati.

Mwenyekiti aliposikia kwamba hata asiyeona ataweza kuitumia alifurahi mno. Akaagiza Mwalimu aje kuonyesha siku ya uzinduzi, mbele ya mgeni rasmi, kompyuta ikiwa imeunganishwa na spika za ukumbi.

Siku ikafika. Mwalimu akabonyeza Tab.

Ile programu ilikuwa inasoma Kiswahili kama mzungu aliyeshuka jana. "Ujumbe wa Muenyekaiti." Watu wakapiga makofi. Tab. "Historia ya Muenyekaiti." Makofi machache. Tab. "Muenyekaiti akiwa Matai." Tab. "Muenyekaiti akiwa Kasanga."

Kufika ya sita makofi yalikuwa yamekwisha. Mwenyekiti alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mgeni rasmi akauliza Mwalimu anatafuta nini.

"Maharage, mheshimiwa."

"Endelea tu, mwalimu."

Akaendelea, bila haraka, kama anaita mahudhurio. Alipofika namba kumi na tatu akabonyeza Enter. Spika zikasoma kwamba anayenyausha maharage ni mdudu anayeingia kwenye shina mche ukiwa bado mdogo, kwa hiyo dawa hupakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda. Mche ukishanyauka, kupulizia hakusaidii kitu.

Mwalimu akarudia kuisikiliza sehemu hiyo mara ya pili. Kisha akasema kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa jirani: "Kumbe miaka miwili nilikuwa napulizia maiti."



Baada ya chakula nikamfuata Mwenyekiti, nikamwomba tupunguze vile vichwa vyake. Akasema tatizo ni kompyuta yangu, iko taratibu.

Nilirudi Majengo nikaongeza link moja mwanzoni kabisa, juu ya Mwenyekiti: "Ruka, nenda kwenye mazao." Nikaifanya isionekane wala isikike mpaka mtu abonyeze Tab.

Mwalimu alipopita tena ofisini akabonyeza Tab mara moja, Enter, akawa kwenye mahindi. Tab nyingine, maharage. Msimu uliofuata alipaka mbegu dawa, akaniletea debe zima la maharage pale ofisini.

Mwenyekiti aliisifia website hiyo mpaka anaondoka madarakani. Ile link hakuwahi kuiona. Yeye alikuwa anatumia mouse.

Nilichojifunza: kabla hujasema kazi imekwisha, mpe anayeihitaji aitumie mbele yako, na wewe ukae kimya. Mimi nilimngoja mzee wa watu atoke Msanzi kuja kunifundisha hilo.

Wale mliowahi kutengenezea ofisi website, tuambieni bosi wenu alitaka picha yake ikae wapi. Na mnaotumia programu za kusoma skrini, ni website gani inawatesa zaidi? Nipo hapa nasoma.