Nyumba Niliyoinunua Saa Sita Mchana

Mtaa mzima huku chini ya stesheni wananiita Bwana Lango, na wageni wakidhani ni jina la ukoo nawaacha wadhani hivyo hivyo, maana kuwaeleza ni kujiongezea aibu. Lakini nyinyi ni rafiki zangu na mmeniuliza wenyewe, basi kaeni hapo mkekani niwasimulie, ila mcheke polepole, mke wangu yuko jikoni na kisa hiki akikisikia huanza kunisahihisha.

Ilikuwa mwaka ule garimoshi lilipoanza kwenda mpaka Tabora. Mimi, mtoto wa Bagamoyo, nilikuwa nimeifuata reli na cherehani yangu, nikishona kaki za askari wa boma la Mdachi na kanzu za wafanyabiashara, na usiku nikilala nyuma ya duka la Mhindi pamoja na majora ya nguo na panya wake. Nikampenda Mwanaidi, binti wa Mzee Salimu, Mrangi wa Busi, kule Kondoa, aliyekuwa akileta tumbaku na samli kuuza stesheni. Mzee hakunikataa. Alisema tu kwamba binti yake hatalala nyuma ya duka la mtu, ninunue nyumba, naye akishuka tena ataiona, ndipo tuzungumze. Na mimi kwa kiherehere changu, kabla hata sijaanza kutafuta, nikamtumia salamu kwamba nyumba imeshapatikana, nzuri, tena ina baraza. Hakukuwa na nyumba wala baraza. Nilidhani muda upo.

Haukuwepo. Asubuhi moja akaja mpagazi kutoka Kondoa kutiwa kiraka suruali yake, akaniambia Mzee Salimu yuko njiani, ataingia alasiri, na amemleta dada yake, shangazi yake Mwanaidi, aje kuiona hiyo nyumba. Niliiacha suruali ya yule bwana kwenye cherehani, sindano bado imo ndani yake, nikatoka mbio (na yeye akanifuata nyuma na shuka kiunoni, lakini hilo tuliache).

Nikampata Mrisho, Mnyamwezi aliyekuwa anarudi kwao Tabora siku ile ile. Alikuwa na vyumba viwili katika tembe moja mtaani hapa. Tembe mnalijua: nyumba za udongo zimeungana pande nne, paa bapa la udongo, ua katikati. Vyumba vya Mrisho vilikuwa upande wa mbele, kimoja kulia, kimoja kushoto, na katikati yake pana uwazi mpana wenye paa, unaotoka nje na kuingia uani. Ilikuwa saa sita mchana, ua kimya, pamefagiwa, pana ndama tu wamefungwa pembeni. Nikasema moyoni, hata maziwa hayatakosekana. Ukutani yameegemezwa magogo marefu manne. Nikasema, hata kuni zipo.

"Na hapa katikati?" nikamuuliza.

"Hapo ndipo penyewe, fundi," Mrisho akasema. "Mlango mpana kama huu hutaupata mtaa mzima."

Na kweli mpaka leo sijaupata. Nikamlipa, akabeba mzigo wake, akaenda kupanda garimoshi, na nakumbuka alikuwa anatembea haraka kidogo kuliko mtu asiye na wasiwasi.

Sasa hapo ningewapokea wageni chumbani, mambo yangekwisha vizuri. Lakini vyumba vilikuwa na giza, dari iko chini, nilikuwa nimeshajigonga kichwa mara kadhaa, na mimi nilikuwa nimemwahidi mzee baraza. Basi nikatandika mikeka pale pale kwenye uwazi. Upande wa uani nikatundika bafta nyeupe ya mteja wangu mmoja iwe pazia. Nikaomba pilau kwa mke wa mwenye duka, nikaazima sinia, nikavaa kofia.

Wakaja. Mzee Salimu na kanzu yake safi, shangazi nyuma yake akiangalia kila kitu kama mtu anayechagua kuku. Nikawaamkia, nikawakaribisha, wakakaa. Mzee akaangalia juu, akaangalia upana wa pale mahali, akaangalia yale magogo.

"Baraza lenyewe ndilo hili?" akauliza.

"Ndilo hili, mzee wangu. Upepo unaingia huku, unatokea huku."

"Naona," akasema. Shangazi akakohoa. (Hawa ni watu wa Kondoa, wamezaliwa na mifugo, walijua tangu mguu wa kwanza. Adabu tu iliwazuia.)

Sinia limefika, tumenawa, jua linaelekea Zuzu, upande wa machweo, mara ndama wa uani wakaanza kulia. Kutoka nje wakajibiwa. Nikachungulia, nikaona vumbi, na mbele ya vumbi pembe, na pembe zote zinanitazama mimi. Mtu mwenye akili angesema samahani wageni wangu, tuinuke. Mimi nilisema "upepo umezidi", nikachukua gogo la kwanza nikalikingamiza mlangoni, nalo likaingia kwenye tundu la ukuta huku na tundu la ukuta huku, sawasawa, kana kwamba lilichongewa pale. La pili hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipoelewa nimenunua nini, na badala ya kuacha nikaweka na la tatu.

Nje ng'ombe wakasongamana. Wanawake waliotoka kisimani wakasimama na mitungi yao kuangalia, watoto wakapanda juu ya paa. Akaja mwenye ng'ombe, Mzee Ndahani, Mgogo mrefu na fimbo yake, ambaye robo tatu ya tembe lile ni yake.

"Mbukwenyi," akatusalimu kwa Kigogo juu ya magogo. "Nani amefunga?"

"Tunakula kidogo, mzee," nikasema. "Wapitishe nyuma."

"Nyuma hakuna mlango," akasema kwa upole unaonikera hadi leo. "Mlango ni huu."

Ndama mmoja akalia kwa uchungu, mama yake hakungoja tuelewane. Gogo la juu likaanguka, la pili na la tatu yakafuata, wakaingia. Shangazi aliinuka mapema akajibana ukutani kama mwenyeji. Mzee Salimu alichelewa. Mmoja alipita juu ya sinia, mwingine akafuta kamasi kwenye kanzu safi, na dume jeusi likaondoka na bafta ya mteja wangu kwenye pembe zake, likazunguka nayo ua mzima huku watoto wa paani wakipiga vigelegele. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ilikuwa imejaa samadi.

Walipokwisha kupita, Mzee Salimu akaokota kofia yake, akaipangusa.

"Fundi," akasema, "ulichonunua ni njia."

Umati wote nje ukacheka. Yeye hakucheka.

"Ng'ombe kupita si neno, ng'ombe hupita. Lakini umemfungia mwenzio mifugo yake nje na jua linazama, ili sisi tukuone una nyumba. Mwanangu akishikwa na uchungu usiku, utamwita jirani gani?"

Akasema baada ya mavuno atarudi, na siku hiyo hataniuliza mimi neno lolote, atamuuliza Mzee Ndahani. Kisha wote wawili wakaenda kula kwa huyo huyo Mzee Ndahani, na mimi nikabaki naokota pilau.

Miezi ile ilinichosha kuliko kushona. Kila jioni naacha cherehani, nakunja mikeka, naondoa magogo, nasimama kando nawaamkia ng'ombe. Baada ya mavuno Mzee Salimu akaja, akamuuliza mwenzake mbele yangu mimi ni mtu wa namna gani. Mzee Ndahani akafikiri muda mrefu sana (alifanya makusudi, nitasema hivyo mpaka kufa), akachora chini kwa fimbo.

"Anafungua," akasema.

Hilo tu. Na kwa neno hilo nikampata Mwanaidi. Lakini naapa mbele yenu, nyumba sinunui tena mchana, labda nikae hapo mpaka jioni nione nani anarudi.

Mnamsikia anavyoita huko jikoni? Ndama wameanza kulia. Haya, inukeni, mmekalia njia.